Redio ya Faru

Voi,
9 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Tryphena,

Kabla hujasoma zaidi, tafadhali funga mlango wa jikoni. Nakuomba kwa heshima ya marehemu baba yangu, ndugu yako, kila neno lililo humu libaki kwako peke yako. Usimsomee Babu, usimdokezee jirani, na ukimaliza uitie karatasi hii motoni. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani ni kama baraza la chifu. Babu hasikii vizuri, kwa hiyo lazima iwekwe kwenye spika, na kila anayepita njiani anasimama kusalimia. Ndiyo sababu nimemwomba Sylus aiweke bahasha chini ya makreti matupu ya gari lake anapopanda Mghange kuchukua kabichi.

Natumaini hamjambo nyote, na kwamba kifua cha Babu kimetulia. Mimi ni mzima, isipokuwa joto la Voi, ambalo halilali. Kazini bado niko kwenye majaribio. Nakaa pale dirishani kwenye kituo chetu kidogo cha redio, nikipokea matangazo ya vifo, ya harambee na ya ng'ombe waliopotea. Meneja anasema mwandiko wangu ni mzuri lakini sauti yangu ni ndogo mno kwa mtu anayefanya kazi redioni.

Sasa neno lenyewe, Shangazi. Ni ile redio ya Babu.

Unakumbuka ugonjwa wake, kile kitufe cha kuzungusha sauti. Ukikigusa kinakwaruza, ukikiacha redio inanyamaza, halafu ghafla inapiga kelele kama dalali. Nilimwahidi Babu kwamba nitaipeleka kwa fundi. Sikuipeleka. Niliona kwenye simu mtu akitengeneza kitufe kama hicho kwa kudondoshea dawa ndani yake, nikajiona nimesoma vya kutosha. Dawa yenyewe sikuwa nayo, basi nikaazima mafuta ya cherehani kwa jirani yangu Syombua, ambaye ni mshonaji. Siku ya kwanza kitufe kilizunguka laini, nikafurahi. Siku ya pili redio ikawa bubu. Nikakilazimisha, na kichuma chake kikavunjika kikabaki mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi Kiilu. Aliifungua, akainusa, akawaita wenzake: "Njooni muone! Karani alitaka kukaanga redio, akasahau vitunguu." Sokoni pote wakacheka. Anasema mafuta yameharibu njia nyeusi iliyo ndani, ambamo sauti hupita, na kifaa kama hicho hakiuzwi tena dukani. Lazima apate redio iliyokufa ya aina ileile akitoe humo.

Babu nimemwambia kwamba kwa fundi kuna foleni. Tafadhali, Shangazi, shikilia hapohapo. Redio ile aliinunua alipoacha kazi kwenye mashamba ya mkonge, na hata baba yangu hakuruhusiwa kuigusa. Asijue kwamba ni mkono wangu.

Mwanao,
Derrick


Mghange,
24 Machi 2024

Kwa mwanangu Derrick,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, viazi vimeota vizuri, na ng'ombe ana mimba. Kifua cha Babu yako kiko sawa. Kinachomsumbua ni masikio yaliyokosa kazi.

Barua yako sikuichoma. Kuni zimeloa, na mwandiko wako ni mzuri kweli, nikaona vibaya. Iko ndani ya kopo la unga wa wimbi, ambalo hakuna anayelifungua ila mimi.

Jioni Babu anakaa kwenye kiti chake kilekile na kuitazama rafu tupu kama anayemngoja mtu aliyeingia bafuni. Jana aliniuliza, "Tryphena, hiyo foleni ni ya redio au ya mahindi ya msaada?" Nikamwambia Voi kuna redio nyingi mbovu. Akasema, "Basi ni mji wa watu wanaokorofisha vitu." Nikainama kuchochea moto ili asione uso wangu.

Usijitie homa. Nikwambie ukweli, tumepumzika. Redio ile ilikuwa ikikohoa, inanyamaza, halafu inaruka juu mpaka ng'ombe anapiga teke ndoo ya maziwa. Sasa nakamua kwa amani. Chukua muda wako, usiharakishe.

Anachokosa Babu ni matangazo ya vifo tu. Nilimwambia nimfungulie kwenye simu, akakataa. Unajua tangu mwaka jana, mtu alipotupigia simu kwamba katekista amekufa, tukabeba sukari na majani ya chai kwenda kulia, tukamkuta marehemu ameketi uani anapukuchua mahindi. Tangu hapo Babu anasema simu huua watu wazima. Anasema redio haiwezi kusema fulani amekufa kabla jamaa zake hawajaenda kwa miguu yao kulithibitisha jambo.

Kuna sababu nyingine inayomfanya asitake kukosa matangazo, lakini hiyo si yangu kuisema. Kula vizuri. Mtu mwembamba na mwenye siri huonekana upesi.

Shangazi yako,
Tryphena


Voi,
11 Mei 2024

Mpendwa Shangazi,

Nisamehe kwa kimya changu. Najua barua yako ilinifikia zamani na nilipaswa kujibu. Mvua imeharibu mambo mengi huku. Maji yalikata barabara na Sylus hakuonekana kwa muda. Natumaini viazi havikuoza, na kwamba paa la jikoni linashikilia.

Redio imepona. Kiilu alikuwa amekwenda kwao Ukambani kuzika, mvua ikamzuia kurudi. Alipofika alikuta mwenzake amemwekea redio iliyokufa ya aina yetu, akatoa kifaa, akakitia, na sasa kitufe kinazunguka bila kukwaruza. Nimeisikiliza hapa chumbani. Inasema vizuri sana.

Nilitaka kuileta mwenyewe, lakini nafikiri haitawezekana. Kazi ni nyingi. Sylus ataichukua barabara ikitulia.

Shangazi, je, Babu bado humtaja rafiki yake wa mkonge, mzee Kimanzi, yule aliyehamia Mboghoni kulima migomba? Nauliza tu.

Kazini wamesema watanithibitisha mwezi ujao. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Mwanao,
Derrick


Mghange,
2 Juni 2024

Kwa Derrick,

Hatujambo. Viazi vimeoza nusu, paa limeshikilia. Hongera ya kazi.

Kuhusu Kimanzi unasema unauliza tu. Mwanangu, hakuna mtu anayenunua bahasha ili aulize tu. Nitakujibu, kisha nawe unijibu.

Wewe unajua zile hadithi za kuchekesha, kwamba Babu aliitwa Faru kwa sababu alikuwa akiinamisha kichwa na kuingia ndani ya mkonge bila kujali miiba. Jina hilo alimpa Kimanzi, na ni yeye tu aliyemwita hivyo. Hapa kijijini hakuna anayelijua. Hujui walivyoachana. Siku walipopewa barua za kusimamishwa kazi, kila mmoja alikuwa anakwenda upande wake na hakuna aliyekuwa na simu wala anwani. Wakapatana njiani, wakiwa wamesimama na mizigo vichwani. Atakayetangulia kufa, watu wake watatangaza redioni. Atakayebaki, akisikia, atakwenda, atatupa udongo kaburini kwa mkono wake, na hatalia. Babu alimwambia mama yangu, na mama akaniambia mimi alipokuwa mgonjwa. Kwa Babu hilo ni agano la wanaume. Hataki watoto wacheze nalo.

Ndiyo maana kila jioni, matangazo yakiisha na Kimanzi hakutajwa, Babu alikuwa akisema, "Kimanzi bado anakula ndizi zake," kisha anakwenda kulala. Nimemsikia akisema hivyo tangu nikiwa msichana. Redio ilipoondoka aliacha kusema. Anaingia kulala kimya tu, na mimi, kwa ujinga wangu, nikakwambia usiharakishe kwa ajili ya ndoo ya maziwa.

Redio irudi. Sylus anateremka Jumatatu. Na sasa unijibu shangazi yako: kwa nini uliuliza?

Tryphena


Voi,
4 Juni 2024

Shangazi,

Redio iko kwa Sylus, nimeifunga kwa blanketi langu. Hamjambo? Mimi sijambo. Naandika haya kwa sababu naona haya zaidi kunyamaza kuliko kusema, lakini nakusihi tena, Babu asijue.

Mwishoni mwa Aprili alikuja dirishani mwangu mama mmoja aliyevaa leso nyeusi, viatu vyake vimejaa tope. Jina lake ni Ndila, kutoka Mboghoni. Alitaka kutangaza kifo cha baba yake. Alisema maneno nami nikaandika, kama ninavyofanya kila siku. Jina la marehemu lilikuwa Kimanzi. Nikajiambia, wako kina Kimanzi wengi. Akaendelea kutaja watoto, wajukuu, wakwe. Kisha akasema, "Sasa andika: na rafiki yake wa mkonge, anayeitwa Faru, popote alipo."

Kalamu yangu ilisimama. Akadhani sijasikia. "Faru," akarudia. "Yule mnyama. Baba alisema wote wanaweza kukosa, lakini huyu asikose. Jina lake la kweli hatulijui, ila alitoka milimani. Nikikuangalia, mwanangu, wewe si mtu wa huko? Humjui mzee anayeitwa hivyo?"

Nikasema, "Hapana, mama."

Meneja alikuwa nyuma yangu, lakini sitamsingizia. Jibu lilitoka kabla sijalifikiria. Wakati ule redio ya Babu ilikuwa imelala kwa Kiilu, nyaya nje, na Kiilu mwenyewe yuko Ukambani. Niliona nikisema ndiyo, mama huyu ataomba namba, atapiga, simu itawekwa kwenye spika, na swali la kwanza la Babu litakuwa, "Mbona redio yangu haikuniambia?" Kisha foleni yote ingeanguka, na mafuta ya cherehani, na uongo wangu wote.

Nikajidanganya kwamba nitaiwahisha redio kabla ya mazishi, ili Babu asikie mwenyewe tangazo likirudiwa, na mimi nisihusike. Kila nikitoka kazini nilikwenda kwa Kiilu, nikakuta mlango umefungwa. Nilimbembeleza hadi fundi wa viatu aliye jirani yake afungue. Shangazi, nilihangaika kuitengeneza redio ili ikamwambie Babu jambo ambalo mimi nilikuwa nalo mdomoni. Tangazo lilisomwa jioni ya kwanza, likasomwa tena, kisha wakazika.

Nje ya nyumba yenu, hata hapo Mghange, hakuna ambaye angeelewa Faru ni nani. Ila mimi.

Ndila alinishukuru alipoondoka. Alisema nina adabu.

Derrick


Mghange,
23 Juni 2024

Derrick,

Redio imefika. Kitufe kinazunguka vizuri.
Ng'ombe amezaa, ndama jike.
Barua yako nimeisoma.

Tryphena


Mghange,
21 Julai 2024

Kwa mwanangu Derrick,

Ile barua fupi ilikuwa fupi kwa sababu ningeandika zaidi ningekuita majina mabaya, nawe una jina la baba yako tayari, huhitaji mengine kutoka kwangu. Sasa hasira imepungua, na sehemu iliyobaki ni yangu mwenyewe. Wewe ulificha, mimi nikakusaidia kuficha.

Huku baridi ni kali. Ukungu unaingia hadi ndani, na kabichi bei imeshuka. Ndama anaitwa Foleni. Babu ndiye aliyempa jina hilo, anacheka mpaka anakohoa.

Nikwambie ya redio. Babu aliipokea kama mtu anayempokea mtoto aliyetoka hospitali. Akakizungusha kitufe kidogo, akasikiliza; akakizungusha tena, akasema, "Hapa pamepita mkono wa mtu mwenye subira." Jioni akasikiliza matangazo yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kimanzi bado anakula ndizi zake." Akaenda kulala anaimba.

Derrick, anasema hivyo kila jioni sasa. Na mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha uji, nikijua kwamba Kimanzi yuko chini ya udongo.

Lakini lililonifanya niandike ni la Jumapili iliyopita. Tuliporudi kutoka kanisani Babu aliniagiza nimletee maji katika kikombe. Nikadhani ana kiu. Akatoka nje, akasimama ukingoni pale tunapoona bonde, akajaza maji kinywani, akayapuliza kuelekea Voi. Alikuwa anatasa, Derrick, kama wazee walivyokuwa wakitasa kuitoa hasira moyoni isije ikamdhuru mtu. Sikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu mazishi ya baba yako. Mchungaji akiuliza, nitasema alikuwa anasukutua.

Niliyasikia maneno yake. Alisema, "Nilimkasirikia kijana huyu kwa kunikalisha kimya muda mrefu. Kama kuna hasira iliyobaki, itoke. Mikono iliyoitengeneza redio yangu ipone, na kila inachokishika kikae." Akapuliza tena. Kisha akanirudishia kikombe, akasema, "Mwambie aje. Mbona haji?"

Moyo wangu mmoja unasema tumwache mzee alale anaimba. Amebakiza jioni ngapi? Ukimwambia, unamwondolea rafiki na mjukuu kwa siku moja. Moyo mwingine sitaki kuusikiliza. Fanya unavyoona, lakini usinipe mimi kazi hiyo.

Shangazi yako,
Tryphena


Voi,
6 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi,

Barua hii si siri. Fungua mlango wa jikoni. Mwite Babu akae kwenye kiti chake, uzime redio, umsomee kwa sauti kubwa, sauti yangu haitoshi. Zile nyingine zilizo kwenye kopo la unga pia umsomee, zote, kuanzia ile ya mafuta ya cherehani. Najua ulisema nisikupe kazi hiyo. Nakuomba macho yako tu; maneno ni yangu, na lawama ni yangu.

Tangu nisome jinsi alivyonitasia sijaweza kushika kitu bila kukumbuka maji yale. Alinibariki kwa kazi ya Kiilu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mboghoni. Nilimkuta Ndila akifungulia maji kuingia kwenye migomba. Alinikumbuka. Nikamwambia kwamba siku ile nilimdanganya, kwamba Faru ni babu yangu, yuko hai, na hakuambiwa. Nilingoja anitukane. Aliegemea jembe lake akasema, "Siku ile kaburini nilikuwa namtafuta mzee nisiyemjua sura. Kila mzee aliyekaribia nikasema ni huyu. Tukachelewesha kufukia mpaka watu wakanung'unika." Baadaye akanikatia mkungu wa ndizi, nikaona haya kuupokea, akaniambia, "Si zako. Ni za Faru. Baba alizipanda."

Kaburi bado ni udongo mtupu. Wanataka kulijengea kwa saruji, lakini Ndila amesema watangoja. Sylus amekubali kutupeleka, Babu akae mbele.

Sasa, Babu. Hili ndilo ulilopaswa kusikia mwezi wa Aprili. Naliandika kama lilivyosomwa.

"Familia ya mzee Kimanzi wa Mboghoni inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, kilichotokea nyumbani kwake baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mazishi yatafanyika Ijumaa shambani kwake. Habari ziwafikie watoto wake, wajukuu, wakwe na jamaa wote, pia rafiki yake wa mkonge, anayeitwa Faru, popote alipo. Marehemu aliagiza asikose."

Babu, hukukosa kwa sababu ya mvua wala kwa sababu ya foleni. Foleni haikuwapo. Nilikuwapo mimi.

Shangazi, hivi ndivyo mtakavyonipata. Jumamosi nitapanda na Sylus pamoja na mkungu wa ndizi, nishuke dukani, pale barabarani chini ya nyumba. Sitapanda mlima bila ruhusa. Simu yangu nitaizima, kwa kuwa nikiiwasha nitatafuta kisingizio cha kurudi. Kama Babu anakubali nije mbele yake, na awashe redio mwenyewe, akizungushe kitufe mpaka mwisho. Hakitakwaruza wala kunyamaza. Nitaisikia nikiwa barabarani.

Kama hataki, akiache kitufe kilipo. Nitangoja Sylus amalize kupakia kabichi, nimwachie mwenye duka zile ndizi, niteremke. Jumamosi itakayofuata nitasimama tena palepale, nikisikiliza.

Mjukuu wa Faru,
Derrick